Mwanafunzi wa Julai si mfadhili

Nimechoka kulieleza jambo hili kwa mdomo, basi leo naliandika, na atakayeniuliza tena nitamtumia kiungo nirudi kwenye kahawa yangu. Yule mwanafunzi wa ng'ambo tunayempokea ofisini kwetu, anayeingia Amu, yaani Lamu, mwezi wa Juni na kutoka Agosti, si mfadhili. Hajatumwa na mfadhili. Hana bajeti ya kisima, hana mashine ya boti aliyoificha kwenye begi, na wengi wao huuliza nauli ya kwenda Shela, kijiji cha jirani, mara mbili kabla ya kupanda.

Safari hii aliyenichokoza ni mzee wa Matondoni ninayemheshimu kama babangu. Kapiga simu baada ya Isha. "Mwanangu, mgeni wako menda kwao?" Nikamjibu ndiyo baba, ameondoka Jumamosi. "Haya. Na zile mashine zaja kwa meli au kwa ndege?" Zile mashine! Kikao kile nilikuwepo mwanzo hadi mwisho, mimi ndiye niliyekuwa nikifasiri, na mgeni hakutamka mashine hata mara moja. Zilianzia upande wetu, zikazunguka banda, na zilipomfikia mzee zilikuwa zimeshakuwa ahadi.

Mgeni mwenyewe ni nani? Shahada zao za uzamili za maendeleo ya kimataifa au sera ya umma, hasa Marekani, kwa kawaida ni za miaka miwili. Baina ya mwaka wa kwanza na wa pili kuna likizo ndefu ya kiangazi, na programu nyingi humtaka mwanafunzi aitumie kufanya kazi mahali kwa wiki 8, 10 au 12. Ni atachimenti ile ile inayomhangaisha mwanao wa Chuo Kikuu cha Pwani, tofauti ni kwamba ya huyu imepanda ndege. Akirudi anaandika ripoti, mwalimu anaisahihisha, anapata alama, na mara nyingi ripoti inaishia hapo. Hakuna ofisi Washington inayoisubiri.

Pesa je? Wapo wanaopewa ruzuku ndogo na chuo ya tiketi na chakula. Wapo wanaojilipia kwa akiba au mkopo, na wengine hulipa karo juu yake ili kazi hiyo ihesabiwe kama somo. Anayedhani intanshipu za maendeleo zina utajiri amkumbuke David Hyde, kijana wa New Zealand aliyejulikana dunia nzima mwaka 2015 kwa kulala kwenye hema Geneva huku akifanya intanshipu Umoja wa Mataifa bila mshahara. Baadaye mwenyewe alikiri kwamba hema lilikuwa la makusudi, kuamsha mjadala. Sawa, lakini kutolipwa hakukuwa mchezo wa kuigiza. Na tangu USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, ifungwe rasmi Julai 2025, hali ya wanafunzi hawa ni mbaya zaidi: mashirika waliyotarajia yawaajiri wakihitimu ndiyo yaliyokuwa yakipunguza watu. Unamwomba mashine mtu anayetafuta kazi.

Hata hivyo sitawaita watu wetu wajinga, maana dhana hii ina mizizi. Amu tumejifunza kwamba kuandikwa jina kuna thamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari ya Lamu, ile ya mradi wa LAPSSET wa kuiunganisha Kenya na Ethiopia na Sudan Kusini, walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Baadaye mambo yakahamia kwenye mazungumzo nje ya mahakama: kiasi gani taslimu, kiasi gani vifaa, yaani boti, nyavu na, naam, mashine. Miaka mizima gumzo la barazani likawa nani yumo kwenye orodha na nani katolewa. Sasa mtu aliyepita hapo, ukimjia na kishikwambi ukamwuliza jina, umri, chombo na aina ya nyavu, wataka afikiri nini? Kwamba unafanya zoezi la darasani? Hata mimi nisingeamini.

Ubaya ni kwamba dhana hii inaharibu majibu, na hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mzee kuvunjika moyo ni jambo la kusikitisha, ila majibu mabovu ni hasara ya wengi.

Hebu niwape picha. Ni dikoni, pale vyombo vinaposhushia samaki, baada ya Alasiri, wavuvi wako chini ya makuti wanashona nyavu za jarife. Mwanafunzi ana fomu ya KoboToolbox, programu ya kukusanyia majibu kwenye kishikwambi. Swali la nne: kaya yako ilipata shilingi ngapi mwezi uliopita? Nahodha hainui macho kutoka kwenye sindano. "Mwezi upi? Wa kusi au wa kaskazi?" Yaani msimu wa pepo za kusini au za kaskazini. Uliopita, tunamjibu. "Mwezi uliopita nilikuwa na deni." Fomu haikubali deni, inataka namba. Tunajadiliana, tunaandika sifuri. Tunaendelea hadi swali la mwisho, lile ambalo kila fomu huwa nalo: unahitaji msaada gani ili kuboresha uvuvi wako? Ghafla sindano zote zinatua. Wanajikusanya, hata waliokuwa wakinywa chai upande wa pili. Na yule nahodha anamgusa mwanafunzi mkono kwa upole: "Mwanangu, rudi kule nyuma. Pale niliposema nyavu nne nzima, andika zote zimechanika."

Alirudi nyuma akaandika. Angefanyaje? Fomu haina kisanduku cha "amebadilisha mawazo baada ya kusikia swali la msaada".

Swali la kipato chenyewe lilikuwa bovu kabla hajashuka kwenye ndege. Mvuvi wetu hahesabu kwa mwezi wa kalenda, anahesabu kwa maji. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ina kazi yake, na maji mafu, yanapocheza kidogo, yana kazi yake, kutegemea anavua kwa nini. Mafungu hugawanywa baada ya kutoa mafuta, barafu na fungu la chombo, kisha kuna tajiri aliyekopesha mafuta hayo na anayenunua samaki kwa bei yake mwenyewe. Ukitaka kujua kipato, uliza safari ya mwisho: mlitoka wangapi, mlirudi na kilo ngapi, tajiri alichukua nini, wewe ulikwenda nyumbani na nini. Inachukua dakika 20 kwa mtu mmoja. Mwanafunzi ana sampuli ya kujaza na Agosti inamsubiri.

Msimu nao ni balaa, na watu hawataki kunisikiliza, wageni na wenyeji. Likizo yao ni kiangazi cha kwao, kwetu ni kusi. Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo bahari ya nje inachafuka, vyombo vidogo vinajibana ndani ya mikondo, kamba ni wachache, vijana wamekaa barazani. Mtu anayekuja kila Julai atakuta kila Julai wavuvi hawana kitu. Ataandika ukweli wa Julai, kisha kwenye kichwa cha ripoti ataandika "Maisha ya Wavuvi wa Lamu", kana kwamba mwaka una miezi mitatu. Kaskazi ikishika, kuanzia Desemba hivi hadi Machi, maji yanatulia, chombo kinatoka nje ya miamba, kamba wanapatikana na pesa inaonekana mjini hata kwa macho. Lakini wakati huo mwanafunzi yuko kwenye theluji anafanya mitihani. Nimesoma ripoti nyingi za aina hii, na takriban zote ni ripoti za kusi. Anayezikusanya kupanga mradi atadhani mvuvi wa Amu ni fukara mwaka mzima. Atamletea jokofu la samaki wakati hakuna samaki, ama chakula wakati mtu amekwishajaza jarife.

Na si Lamu yote inayoandikwa. Bima ya chuo hufuata ushauri wa usafiri wa serikali yao. Kwa miaka kadhaa ushauri wa Uingereza umekuwa ukiwaambia raia wake wasiende kaunti ya Lamu bila dharura, isipokuwa kisiwa cha Amu na Manda. Wamarekani nao wana onyo lao kuhusu huku kwetu. Kwa hiyo mwanafunzi hafiki Faza, hafiki Siyu, Kiunga ndiyo usiseme. Kizingitini, ambako uvuvi ndio mji wenyewe, anakuona kwenye ramani tu. Anabaki Mkomani, Langoni, Shela na Matondoni, mahali ambapo kila mwenye chombo ameshahojiwa na mtangulizi wake. Simlaumu, bima ni bima. Namlaumu anayesoma ripoti ya mitaa minne na kuiita ya kaunti.

Karatasi nitazipitia upesi. Idhini ya kuingia nchini, iliyochukua nafasi ya viza tangu Januari 2024, si kibali cha kufanya utafiti wala kazi. Leseni ya utafiti inatoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, na barua ya kamati ya maadili ya chuo cha ng'ambo haiwezi kusimama badala yake. Halafu uripoti kwa kamishna wa kaunti. Halafu BMU, kikundi cha wavuvi wenyewe kinachosimamia diko. Halafu mzee wa mtaa, ambaye asipojua wewe ni nani utaitwa jasusi ifikapo Magharibi. Picha za watoto usipige, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo. Basi.

Sasa jambo linaloninyima usingizi kidogo. Mwaka mmoja tulimpokea msichana wa Kisumu anayesoma Boston. Chuo kile kile cha mgeni aliyemtangulia, fomu ile ile, diko lile lile, kusi ile ile. Hakuna aliyemwomba mashine. Kwake nyavu zilikuwa nzima, samaki walikuwepo "kidogo kidogo, alhamdulillahi", na deni la tajiri halikutajwa kabisa. Mwanzoni nilifurahi nikidhani hatimaye tumepata ukweli. Kisha kijana mmoja akanidokeza kwamba walidhani msichana katumwa na watu wa ushuru. Kwa hiyo nina seti mbili za majibu, moja ya kuombea na moja ya kujifichia, na ukweli uko baina yake, au pengine hauko kwenye yoyote. Kila mwaka natia sahihi barua ya kuthibitisha kwamba data ilikusanywa ipasavyo. Ilikusanywa ipasavyo, kweli. Kama ina maana yoyote, hilo sijui.

Mnaniuliza basi mbona tunawapokea? Kwa sababu wapo wanaoacha kitu. Mmoja alikaa na katibu wa BMU akampangia daftari la samaki wanaoshushwa, kilo kwa kilo, na daftari hilo lingali linajazwa kaskazi na kusi. Limeshinda ripoti zote nilizotaja. Mwingine alitusaidia kuandika ombi la ruzuku kwa Kiingereza kile kinachopendwa na wenye pesa. Ruzuku hatukuipata, ombi lilikuwa zuri.

Sababu nyingine ni ya aibu: mwanafunzi wa ng'ambo anakuja na chakula chake na nauli yake, na mhasibu wetu anampenda. Mtoto wa Faza aliyesoma Pwani, anayejua bamvua bila kufundishwa na ambaye tajiri ni mjomba wake, huyo anahitaji nauli na chakula cha mchana, na bajeti haina. Dawati lipo moja. Nimelisema hili kwenye vikao na nimejibiwa kwamba litaangaliwa.

Kwa hiyo mwakani mkimwona mgeni na kishikwambi, msimwombe mashine. Mwombeni nakala ya alichoandika, kwa Kiswahili, kurasa mbili, kabla hajapanda boti ya kwenda uwanja wa ndege. Hiyo anaweza kuitoa, na masharti ya leseni yanamtaka awasilishe ripoti hata hivyo. Akisema bado anachambua, mwambieni aache namba mbichi kwa katibu wa BMU.

Maombi ya mwaka ujao yameshaanza kuingia, yote ya Juni. Nimewajibu waje Januari, wiki sita tu, na kila mmoja atakwenda dikoni na kijana wa hapa aliyelipwa nauli kutoka kwenye ruzuku ya mwanafunzi mwenyewe. Mmoja ameuliza kama Januari kuna joto sana. Wengine bado hawajajibu.