Je, wajua kwa nini mchanaji, yaani rapa, wa Mtwara anagawa wimbo wake bure?

Msimu wa korosho ukifika, kuanzia Oktoba hadi Desemba, fedha za mnada huingia mifukoni na gari la matangazo huanza kuzunguka mitaa ya Mtwara, Masasi na Lindi. Jina kubwa linalotangazwa huwa la msanii kutoka Dar es Salaam. Kabla hajapanda, jukwaa huachiwa vijana wa hapahapa kwa saa nzima au zaidi, kila mmoja wimbo mmoja au miwili, wakati watu bado wanasukumana getini na viti vya mbele viko vitupu. Anayetaka kujua nani anachana vizuri Chikongola, Mikindani au Nachingwea inabidi awe ameshaingia muda huo. Kijana akimaliza mistari yake, mara nyingi hutoa kauli inayowashangaza wengi: wimbo upo bure, nifuate nikurushie.

Studio amelipia, biti (mdundo wa wimbo) amelipia. Kwa nini agawe bure?

Kwa sababu anachouza ni jina lake, na wimbo ndio unaolibeba. Tuitazame hesabu. Tangu mwanzoni mwa 2024, Spotify, mtandao wa kusikilizia muziki, haiulipi wimbo ambao haujafikisha walau mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12. Ukivuka kiwango hicho, kila usikilizwaji huleta chini ya senti moja ya dola. Mchanaji wa Newala ambaye wimbo wake unasikilizwa mara 600 kwa mwaka hapati kitu akiufungia huko, na akiugawa hapotezi kitu. Lakini watu 200 wenye wimbo huo kwenye simu zao ni watu 200 watakaoitikia naye kiitikio siku ya shoo. Mwandaaji akiuona ukumbi unaitikia, safari ijayo kijana haombi nafasi ya kusindikiza. Anapigiwa simu na kuulizwa bei yake.

Njia hii ilishajaribiwa kwa ukubwa zaidi. Oktoba 2013, mchanaji Nipsey Hussle wa Los Angeles, Marekani, aliiachia mikstepu (mkusanyo wa nyimbo) yake Crenshaw bure mtandaoni, na papo hapo akauza nakala 1,000 za CD kwa dola 100 kila moja. Zilinunuliwa. Kila aliyelipa dola 100 angeweza kuipata kazi ileile bila kutoa hata senti. Wengi walishamjua kwa miaka kupitia mikstepu za bure zilizotangulia, na kulipa kulikuwa njia ya kumuunga mkono.

Hip-hop yenyewe ilianza kwa kupokezana mkono kwa mkono namna hiyo. Sherehe ya DJ Kool Herc pale Bronx, New York, inayohesabiwa kuwa chimbuko lake, ilifanyika tarehe 11 Agosti 1973. Rekodi ya kwanza ya rap kuvuma kweli, Rapper's Delight ya Sugarhill Gang, ilitoka 1979. Miaka sita nzima muziki huu uliishi kwenye sherehe na kwenye kanda za kaseti zilizorekodiwa hukohuko na kunakiliwa mtu kwa mtu. Anayerusha wimbo kwa simu stendi ya Masasi leo anafanya kazi ya zile kanda.

Hapa neno andagraundi linahitaji kuwekwa sawa, maana kwetu limebeba mizigo miwili. Wengi wakilisema humaanisha chipukizi, yule ambaye bado hajatoka. Wapenzi wa hip-hop ngumu humaanisha mtu aliyeamua kuchana bila kuikimbilia redio, hata kama yuko kwenye fani miaka 15. Nash MC, anayejulikana kwa kuchana Kiswahili kitupu, ni wa kundi hili la pili. Ndivyo ilivyo pia kwa wachanaji wa Tamaduni Muzik wa Dar es Salaam, ambao mkusanyiko wao wa mitindo huru, yaani kuchana papo hapo bila kuandika, uliitwa Kilinge. Tofauti hii inakusaidia kujua pa kutafuta. Chipukizi utampata kwenye mashindano ya kusaka vipaji na shoo za vyuo. Mchanaji mgumu utampata pale watu wanaposimama duara, biti inalia kwenye sabufa ndogo, na kila mmoja anangoja zamu.

Kumnasa jukwaani

Kosa la kwanza la wengi ni kutoa simu na kufungua Shazam, programu ya kutambua nyimbo. Programu ile hulinganisha alama za sauti unayoisikia na alama za rekodi zilizomo kwenye hazina yake. Haielewi maneno. Wimbo uliorekodiwa wiki iliyopita Magomeni ya Mtwara haumo, na sauti ya mtu anayechana papo hapo hailingani na rekodi yoyote. Likijitokeza jibu, huwa ni jina la Mmarekani, kwa kuwa kijana amechania biti ya wimbo wa Mmarekani huyo na programu imeitambua biti.

Kinachofanya kazi ni sikio na kalamu. Nasa mstari mmoja neno kwa neno na uuandike hapohapo kwenye simu. Chagua wenye neno adimu. Mistari ya "maisha magumu mtaani" imejaa kila kona ya intaneti, haitakufikisha popote. Lakini mchanaji akitaja kangomba, ule ununuzi wa korosho wa kificho nje ya mfumo rasmi, au akataja Msimbati, au akapachika neno la Kimwera au Kimakonde, umepata ndoano. Litafute neno hilo pamoja na neno hip-hop na jina la wilaya, kwanza YouTube, kisha Audiomack, mtandao mwingine wa kusikilizia nyimbo.

Baadaye mfuate mwenyewe umuulize jina lake linaandikwaje. Tunalisisitiza hili kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupotea. Jina linalosikika "Keizii" linaweza kuandikwa kwa K au C, kwa Z au S, kwa herufi moja au mbili, pengine na tarakimu katikati. Mpe simu aliandike mwenyewe. Akiwa ameshaondoka, DJ au fundi mitambo anaweza kukuonyesha jina la faili aliyoipiga.

Mbona mara nyingi maneno yenyewe hayasikiki? Sababu kubwa iko mkononi mwa mchanaji. Maiki ya jukwaani imetengenezwa isikilize mbele na ipuuze nyuma, na kazi hiyo ya kupuuza hufanywa kupitia matundu yaliyo chini ya kichwa cha wavu. Kijana akikifumbata kichwa chote kwa kiganja ili aonekane kama anavyoona kwenye video, anayaziba matundu hayo. Maiki huanza kusikiliza pande zote, sauti huwa nzito kama ya mtu aliyefunikwa blanketi, na spika hupiga mluzi kwa sababu maiki sasa inajisikia yenyewe. Akishika mpini, vidole vikiwa chini ya wavu, na mdomo ukawa umbali wa vidole viwili au vitatu, kila konsonanti inafika.

Sababu ya pili ni pleibeki. Ukipigwa wimbo uliokamilika, wenye sauti ya studio, naye akachana juu yake, sauti mbili hupishana kwa sehemu ndogo ya sekunde na maneno hufutana. Anayeijua kazi huja na biti tupu, au biti yenye kiitikio peke yake. Hicho ni kipimo kizuri sana cha kujua umesimama mbele ya nani: DJ akishusha sauti na mistari ikaendelea, huyo anachana.

Mahali pa kusimama hutegemea ukumbi. Uwanjani, kwenye wazi, usijibane mbele ya spika, besi itameza maneno; rudi nyuma hatua kumi hadi kumi na tano, katikati ya spika mbili. Kwenye ukumbi wa bati na sakafu ya saruji fanya kinyume chake, sogea karibu, maana kadiri unavyorudi nyuma unasikia mwangwi kuliko sauti. Ukitaka kurekodi kipande, kumbuka kipaza cha simu kiko chini, karibu na tundu la chaji. Kikizidiwa na besi, rekodi hupasuka, na hakuna fundi atakayeirudisha. Isogeze simu mbali na spika. Sauti itafifia kidogo, lakini maneno yatabaki.

Faili ikishafika mkononi

Bando linauma, hivyo ijue hesabu yake. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inachukua karibu MB 1 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne ni kama MB 4. Ya kilobiti 320 ni MB 2.4 kwa dakika, yaani karibu MB 10 kwa wimbo huo. WAV, ambayo haijabanwa, ni kama MB 42. Albamu ya nyimbo 15 kwa kilobiti 128 haizidi MB 60, na memori kadi ya GB 8 inabeba nyimbo zaidi ya 1,900 za kiwango hicho. Ukiupakua wimbo umelipia bando mara moja. Ukiufuata YouTube kila siku, unaulipia kila siku, pamoja na picha usizoziangalia.

Kwa spika ya simu, kilobiti 128 zinatosha. Kwenye sabufa tofauti inasikika, hasa kwenye hai-hati, zile sauti za matoazi ya ngoma, ambazo huanza kuwa kama maji yanayomwagika, kwa sababu ubanaji wa kiwango hicho kwa kawaida hukata sauti kali za juu ya kilohezi 16. Faili ya 128 ikigeuzwa kuwa ya 320 hairudishi kilichokatwa, inanenepa tu. Ukiuziwa "320" kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo na hai-hati bado zinamwagika, hicho ndicho kilichotokea.

Sasa tufike kwenye jambo linalowaumiza wachanaji kuliko lolote. Wimbo ukitumwa WhatsApp kama sauti, humfikia mpokeaji ukiwa na jina la aina ya AUD-20250614-WA0007. Jina la msanii limeanguka njiani. Ukirushwa mara tano, mtu wa Liwale anaupenda, anaupiga kila jioni, na hana njia ya kujua ni nani huyo. Aliyegawa bure alikuwa anadai malipo ya aina moja tu, jina lake lifike, na hilo halikufika. Ukitumwa kama dokumenti, jina la faili hubaki kama lilivyo. Ni tofauti ya kugusa kitufe kingine kwenye orodha ileile. Na tafadhali usiurekodi wimbo kama meseji ya sauti huku unapigwa kwenye spika, maana rekodi ile imetengenezwa kwa maongezi na biti hufika imekufa.

Kuhusu bure ya halali: wimbo ni wa bure pale mwenyewe alipouweka uwe bure. Haki hiyo inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndiyo inayoisimamia. Kwenye mitandao ya muziki, SoundCloud huonyesha kitufe cha kupakua pale tu msanii aliporuhusu. Bandcamp, msanii akichagua hivyo, humwachia msikilizaji apange bei, na akiandika sifuri anaupata; ila msanii hupewa nafasi 200 tu za kupakuliwa bure kila mwezi, kwa hiyo ukikuta zimeisha, jaribu tena mwezi ukigeuka. Audiomack huhifadhi wimbo usikilizwe bila bando.

Kurasa nyingine zinazokusanya nyimbo za watu zina vitufe viwili vitatu vya kijani, na vikubwa kuliko vyote huwa matangazo. Kabla ya kufungua ulichopakua, soma mwisho wa jina lake. Ukiona apk, hiyo ni programu inayotaka kuingia kwenye simu, ifute. Ukiona KB 60, umehifadhi ukurasa wa intaneti, hakuna wimbo humo.

Kwa mchanaji mwenyewe, dawa ya kupotea kwa jina imo ndani ya faili. MP3 hubeba lebo ambazo jina la faili likibadilishwa haziguswi: jina la wimbo, la msanii, la albamu, mwaka, maoni. Wengi hutoka studio lebo zikiwa tupu, au zikiwa na jina la biti. Zijaze kwa programu ya kuhariri lebo, zipo za bure kwa simu na kompyuta, kabla hujamrushia mtu wa kwanza. Lebo za muundo wa kwanza kabisa, ambazo hata redio za zamani za kuchomeka fleshi huzisoma, zinaruhusu herufi 30 kwa nafasi za jina la wimbo, msanii, albamu na maoni. Kwenye nafasi ya maoni, herufi 30 zinatosha neno "shoo", jina la mji wako, na namba ya simu ya kazi.