Matangazo Yanayokuandama Mtandaoni: Yanatoka Wapi na Yanapunguzwaje

Umefungua tovuti ya duka, ukatazama viatu vya kukimbilia, bei haikukupendeza, ukatoka. Jioni viatu vile vile viko Facebook. Kesho yake viko Instagram, na wiki ya pili bado vinakufuata ingawa umeshanunua vingine kwingine. Watu wengi hukata shauri kwamba simu inasikiliza mazungumzo yao. Kwa kawaida haihitaji kusikiliza. Taarifa huwa imeshapelekwa kwa njia nyingine, na njia hiyo unaweza kuiziba.

Tovuti nyingi za maduka zimepachikwa pikseli, yaani kipande kidogo cha msimbo ambacho mtandao wa kijamii humpa mwenye duka. Ukifungua ukurasa, pikseli hupeleka taarifa: bidhaa gani imetazamwa, imewekwa kwenye kikapu au la, imelipiwa au la. Ukiwa umeandika barua pepe au namba ya simu dukani humo, nayo yaweza kutumwa ikiwa imefumbwa, yaani imegeuzwa msururu wa herufi na tarakimu usiosomeka, kisha ikalinganishwa na ile uliyofungulia akaunti yako. Mwenye duka hapewi jina lako. Anachonunua ni nafasi ya kuonekana na watu waliotazama viatu wasinunue. Wewe umenunua kwingine, na pikseli ya duka la kwanza haina habari hiyo, basi viatu vinaendelea kukuandama.

Baada ya hapo huja mnada. Kila nafasi ya tangazo kwenye skrini yako hushindaniwa kabla hujamaliza kupepesa macho, na mwenye dau kubwa si lazima ashinde. Facebook na Instagram hujumlisha dau, makadirio ya uwezekano wa wewe kuchukua hatua, na ubora wa tangazo lenyewe. Hapo katikati ndipo penye mkono wako. Kufungua maoni ya tangazo ili uone wengine wanasemaje, au kuandika chini yake kwa hasira kwamba ni utapeli, ni kujishughulisha nalo, na mfumo huweza kusoma hivyo. Hasira yako haina kitufe chake pale kwenye maoni. Kitufe chake kipo kwenye vidoti vitatu vya pembeni, na huko ndiko kwa kuipeleka.

Ukibonyeza vidoti hivyo kwenye Facebook utakuta chaguo la kuficha tangazo na jingine la kueleza kwa nini unaliona. Wengi huishia la kwanza, na hapo huondoka tangazo lile moja tu. Fungua la pili: utaonyeshwa sababu, na humo unaweza kuficha matangazo yote ya mwenye tangazo huyo. Kama ni utapeli, ripoti na uchague sababu inayohusu udanganyifu. Kabla ya kumwamini muuzaji yeyote, fungua taarifa za uwazi za ukurasa wake uone ulianzishwa lini na umebadilishwa jina mara ngapi. Ukurasa uliokuwa wa vichekesho, ukageuka duka la simu mwezi uliopita, usiutumie hata senti.

Kuziba njia ya pikseli hufanyika kwenye mipangilio ya akaunti za Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram. Hutumika kwa zote mbili pale akaunti zako zinapokuwa zimeunganishwa. Tafuta mapendeleo ya matangazo, uzime matumizi ya taarifa zinazotoka kwa washirika wa matangazo. Kisha tafuta sehemu inayoonyesha shughuli zako nje ya Meta, futa za nyuma na utenganishe za mbele. Angalizo: ukitenganisha, huenda ukatolewa kwenye programu ulizokuwa ukiingilia kwa akaunti ya Facebook, kwa hiyo hakikisha kwanza unayo njia nyingine ya kuingia.

Simu nayo ina kitambulisho cha utangazaji ambacho programu hutumia kukutambua kuwa ni mtu yule yule. Kwenye Android ingia Mipangilio, Faragha, kisha Matangazo (simu nyingine huiweka chini ya Google), ukifute. Programu itakayokiomba itapewa sufuri tupu. Kwenye iPhone, tangu iOS 14.5 ya Aprili 2021, programu hulazimika kukuomba ruhusa kabla ya kukufuatilia kwenye programu na tovuti za wengine. Ingia Faragha na Usalama, kisha Ufuatiliaji, uzime ruhusa ya programu kuomba.

Tuseme wazi: hatua hizi hubadilisha aina ya matangazo, si idadi yake. Nafasi zilizotengwa zitajazwa, ila kwa matangazo yasiyokujua sana. Anayetaka yaondoke kabisa atalazimika kulipia huduma isiyo na matangazo pale inapopatikana, mfano YouTube Premium.

Na vizuia matangazo je? Kwenye kivinjari vinafanya kazi nzuri. Ndani ya programu ya Facebook au TikTok havifui dafu, na sababu ni ya kiufundi. Kizuizi kinachotegemea DNS, yaani mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya seva, hufunga mlango wa seva za matangazo. Lakini mitandao hii huleta tangazo kutoka seva zile zile zinazoleta picha za rafiki zako, kwa hiyo ukifunga mlango huo umefunga vyote viwili. Yeyote anayekuuzia programu ya kufuta matangazo yote ya mitandao ya kijamii kwenye simu, mwogope, hasa ikiomba kuona skrini yako au kuendesha simu.

Kuna matangazo ambayo si kero tu, ni maumivu. Anayepambana kuacha kamari anaonyeshwa kamari kila akigusa simu. Mama aliyepoteza ujauzito anaendelea kuletewa nepi na vitanda vya watoto, kwa sababu miezi mitatu nyuma alitafuta habari za uzazi. Kwa hawa kuna mlango maalumu ambao haujulikani vya kutosha. Google, pamoja na YouTube, ina Kituo cha Matangazo Yangu, ambapo unaweza kupunguza matangazo ya pombe, kamari, uchumba, ujauzito na malezi, na kupunguza uzito. Meta nayo inakuruhusu kuchagua mada unazotaka kuziona kwa uchache, zikiwemo pombe, malezi na kamari. Neno ni kupunguza. Moja moja litapenya, nalo ulifiche kwa mkono. Ukiwa na ndugu aliye kwenye hali hiyo, keti naye mfanye pamoja. Ni kazi ya dakika kumi.

Upande wa video zisizo matangazo, kinachohesabiwa zaidi ni muda. Mtu anakutana na video ya ajali, anashtuka, kidole kinasimama sekunde nane, anapita. Hakuipenda wala hakusema neno, lakini zile sekunde nane zimeshaandikwa. Kwenye TikTok, bonyeza na ushikilie video, uchague kwamba haikuvutii. YouTube inakupa pia chaguo la kutopendekezewa chaneli nzima, na hilo lina nguvu kuliko kukataa video moja moja.

Vichujio vya maneno vya TikTok, Instagram na X vinasaidia, ila vina udhaifu unaotuhusu sisi watumiaji wa Kiswahili. Maneno yetu hubeba viambishi mbele na nyuma, na usitegemee kichujio kijue hivyo. Ukiandika “beti” peke yake, “kubeti”, “wanabeti” na “ubetie” vinaweza kupita. Andika kila umbo unalokutana nalo, na tahajia za mkato, na neno la Kiingereza pia. Video isiyo na neno lolote kwenye maelezo yake inaweza kupenya vilevile.

Kwenye WhatsApp, ingia Faragha, Vikundi, uruhusu watu unaowajua tu kukuongeza. Namba ya biashara inayokusumbua izuie na kuiripoti. Unaporipoti, ujumbe tano za mwisho hupelekwa kwa WhatsApp, basi ujue unatuma nini.

Kwa watoto, kagua mwaka wa kuzaliwa uliosajiliwa. Mtoto wa miaka 12 aliyeandikishwa kuwa na miaka 20 huweza kupokea matangazo ya mtu wa miaka 20, na ulinzi wa vijana huenda usimguse.

Mlisho, yaani mfululizo wa video na machapisho unayoletewa, ukishaharibika kiasi cha kutorekebishika, anza upya. TikTok na Instagram zina chaguo la kufuta mapendekezo yaliyojengeka. Kwenye YouTube futa historia ya kutazama na ya utafutaji. Mapendekezo ya Instagram ukishayafuta hayarudishwi. Baada ya hapo mfumo unakujua kidogo sana, na unachotazama siku za kwanza kina uzito mkubwa: tafuta mwenyewe mada unazozitaka, zitazame hadi mwisho, na hayo mengine yapite bila kusimamisha kidole.