Unga Gani Utie Kwenye Epoksi?

Karakana yetu iliwahi kuletewa mfaa wa mlango wa kale wa Lamu, ule ubao wa kusimama wa katikati, mti wa mbambakofi, umeliwa na mchwa upande wa kizingiti. Fundi mmoja alikuwa ameshauziba kwa epoksi, ile gundi ya kuchanganya resini na hadina ya kuigandisha, iliyoshindiliwa unga wa msumeno. Kwa macho, kazi safi. Nilipougusa kwa patasi, kiraka kikamong'onyoka kama kashata iliyopungukiwa sukari. Chembe zilikuwa kubwa, na gundi haikutosha kuzishika.

Epoksi tupu huchuruzika kama asali iliyopata moto, ndiyo maana tunaitia unga. Kabla hujafungua kopo, jiulize: hapo patabeba uzito, au patapigwa msasa na kupakwa rangi, basi?

Panapobeba uzito tia silika, ule unga mweupe mwepesi unaopeperuka kama moshi. Huizuia gundi isiteremke kwenye ubao uliosimama, na ikikauka inakuwa ngumu kweli. Utamaliza msasa wako. Kwa kuunga mbao kwa mbao, nyuzi za pamba zilizosagwa ni nzuri zaidi. Vipunje vya kioo vilivyo tupu ndani ni vya kulainisha uso peke yake: vinapigwa msasa kwa raha, lakini nguvu havina. Usivitie kwenye kiungo.

Mfaa ule tuliutengeneza upya kwa vumbi la mbambakofi lenyewe, lililotoka kwenye mashine ya msasa, likaanikwa na kuchungwa kwa kitambaa, pamoja na silika kidogo. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa, maana vumbi likilowa epoksi rangi yake hukolea kuliko mti. Mlango ukikaa juani, upake vanishi au rangi. Jua huila epoksi.

Resini na hadina zikorogwe kwanza mpaka zishikane, ukikwangua kuta za chombo, ndipo unga uingie kidogo kidogo. Ukitanguliza unga, hadina haifiki kote na utabaki na madoa yanayonata. Mti mkavu nao upake epoksi tupu kwanza, la sivyo utainyonya gundi yote ya kwenye kiungo. Na kwa joto letu changanya kidogo: nyuzi 10 za Selsiasi zikiongezeka, muda wa kufanyia kazi hupungua karibu nusu, na kopo lililojaa huweza kujipasha hadi likatoa moshi. Mimina kwenye sinia pana. Barakoa vaa, hata kama wenzako watakucheka.

Naulizwa sana kuhusu poda ya watoto. Baadhi ni unga wa mahindi uliotiwa marashi. Iacheni iwe ya watoto. Mchanga wa ufuoni nao usiutie, una chumvi na unyevu.

Wenye majahazi wa Matondoni, kule Lamu, nawaomba jambo moja: msiujaze mshono wa mbao epoksi, unga wowote ule. Chombo kikishuka majini mbao huvimba. Pamba ya kalafati, ile ya kuzibia mishono, iliyolowa mafuta hukubali kubanwa. Epoksi haikubali, na kitakachopasuka ni ubao.