Saa ya mfukoni imetoka shimoni: usiijaze kwanza

Dodoma inachimbwa. Tangu serikali ihamie kwa nguvu mwaka 2016, kila kona kuna msingi, karo au shimo la mti, na vitu vya watu wa zamani vinatoka pamoja na kifusi. Vingi ni vipande vya chupa na vyuma visivyoeleweka. Mara mojamoja hutoka saa ya mfukoni, na ikitoka, safari yake huishia mezani kwangu, maana mafundi wa saa za kujaza, zile za kukaza springi kwa mkono, tumebaki wachache.

Ya karibuni imeletwa na kijana aliyekuwa anachimba shimo la mpapai nyuma ya nyumba yao, si mbali na stesheni. "Shikamoo fundi. Hii si ya Mjerumani hii? Ona, imesimama saa tisa na dakika ishirini. Ndiyo saa aliyofia?" Wenzake, aliniambia, walikuwa bado shimoni wanatafuta rupia.

Tuanze na hizo akrabu, yaani mishale ya saa. Saa ya namna hii ikijazwa hutembea saa 30 hivi, pengine 36, halafu springi inaishiwa nguvu. Iliyodondoka leo itaendelea kugonga chini ya majani mpaka kesho, ndipo isimame popote itakapojikuta. Kwa hiyo akrabu hazikuambii mtu alikufa lini, wala hata saa ilipotea lini. Na wala hakuna zebaki ndani yake, kwa wale wanaonipigia simu kuulizia hilo.

Kinachoiua saa iliyotoka ardhini mara nyingi si ile miaka mia ya kufukiwa. Ni saa moja ya kwanza mikononi mwetu. Mtu anaiosha bombani, anaisugua kwa majivu au dawa ya meno, anaimiminia mafuta ya cherehani, kisha anazungusha kile kitufe cha juu asikie kama italia. Ndani, sahani zinazobeba mashine ni za shaba ya njano, hizo huvumilia. Lakini springi, ekseli na skrubu ni chuma. Ncha za ekseli ya balansi, lile gurudumu linalocheza kwenda na kurudi, zina unene wa karibu sehemu ya kumi ya milimita. Zikiwa zimeshikwa na kutu, ukilazimisha zinakatika, na ekseli ya saa ya zama hizo huendi kuinunua dukani.

Udongo nao una habari yake. Kichanga chekundu cha huku kwetu hupitisha maji haraka na miezi mingi ya mwaka ni kikavu, kwa hiyo saa hutoka na nafuu. Udongo mweusi wa mbugani hushika maji masika yote, na saa niliyopata kuiona kutoka huko ilikuwa donge tu. Tatizo letu kubwa ni chumvi, ile ile tunayoionja kwenye maji ya visima. Chumvi ikishaingia kwenye chuma, kutu huendelea kula hata baada ya kitu kutoka shimoni, alimradi hewa ina unyevu. Ndiyo maana nasema: ondoa udongo mkavu kwa kijiti cha meno na brashi laini, iache kivulini, kisha ifungie kwenye kopo pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya boksi la viatu. Mchele hapana, una vumbi na unga.

Uso wa saa ya kijana ulikuwa mweupe pee, una ufa mmoja tu. Hiyo ni enameli, yaani kioo kilichoyeyushwa juu ya bamba la shaba, haiozi. Ila ukikuta namba zimepakwa kitu cha kahawia kinachopukutika, usikikwaruze wala kukipuliza. Saa nyingi za kuanzia Vita ya Kwanza zilipakwa rangi yenye radiamu, madini yenye mionzi ya hatari, ili zing'ae gizani. Mng'ao hufa mapema, radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 kupungua nusu.

Sasa utamu wa kazi, mfuniko wa nyuma. Niliufungua kwa kisu butu, nikakuta wa pili chini yake, nikavaa lenzi. Kwenye fedha kuna alama ndogo kuliko punje ya mtama: ndege kama kwale, namba 0.800 (sehemu 800 za fedha katika kila 1,000), na pembeni yake mwezi mwandamo na taji. Kwale huyo ni alama ya Uswisi ya fedha ya kiwango hicho, ilianza kutumika miaka ya 1880. Mwezi na taji ni alama ya Ujerumani, chini ya sheria iliyoanza kazi mwaka 1888. Kijana akaruka: "Si nilisema!" Hapana. Waswisi walikuwa wanagonga alama zote mbili kwenye saa walizotengeneza kwa soko la Ujerumani. Inaonyesha ilikusudiwa kuuzwa wapi, haionyeshi ilikuwa mfukoni mwa nani. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na ilikuja na kila aina ya watu: wahandisi, makarani, vibarua, wenye maduka. Waingereza wakaingia mwaka 1916. Yeyote kati yao angeweza kuidondosha, au mjukuu wake miaka 40 baadaye.

Mfuniko wa pili ulikuwa na maandishi: Remontoir, Cylindre, 10 Rubis. Wengi huyaingiza kwenye simu wakidhani ni jina la kiwanda. Ni maelezo tu: inajazwa kwa kitufe bila funguo, aina ya mtambo wake (wa silinda), na vito 10 vya kupunguza msuguano. Wanaokutana na Spiral Breguet ndio hupagawa zaidi, kumbe ni mkunjo wa springi ya balansi uliobuniwa na fundi saa Breguet mwaka 1795 na ukatumiwa na kila mtu. Medali zilizochorwa za maonyesho ya Paris ya 1889 nazo zinasema kitu kimoja tu, kwamba saa si ya kabla ya mwaka huo. Nilichokipenda mimi ni mikwaruzo miwili ya sindano ukingoni, alama za fundi aliyewahi kuifungua. Ilitengenezwa mara mbili, basi ilikuwa na mtu aliyeitegemea.

Skrubu tatu zilikuwa zimekwama na vichwa vimeliwa. Hapo nilitumia shabu, yale mawe meupe ya vinyozi. Unavua kwanza kila kipande cha chuma unachotaka kukiokoa, halafu sahani ya shaba unaitumbukiza kwenye maji ya moto yenye shabu. Chuma kinayeyuka taratibu ndani ya tundu, shaba inabaki nzima. Ukisahau ekseli humo, umeipoteza.

Springi kuu ilikatika vipande vinne, na silinda, ambayo ndiyo ekseli ya balansi kwenye saa ya aina hii, imeliwa na kutu. Nimemshauri asiihangaikie itembee mpaka tupate saa nyingine ya aina hiyo ya kuchomoa vipuri, na kava asilipige polishi maana alama zitafutika. Amekubali nusu: anataka akrabu zirudishwe pale pale, saa tisa na dakika ishirini.

Kama unayo yako, nipigie picha ya ndani ya mifuniko yote miwili, mwanga utokee ubavuni, na namba iliyo kwenye mashine yenyewe. Ya kwenye kava pekee hainitoshi, makava yalikuwa yanabadilishwa.