Maneno Tunayomsingizia Mungu

Rafiki yangu alifiwa na mtoto. Jioni ya siku ya pili ya msiba nilikaa naye sebuleni, nikatafuta la kusema, nikachota lililokuwa karibu: "Jipe moyo, ndugu yangu. Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba." Aliniangalia kwa muda. Kisha akauliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza saa ngapi: "Kwa hiyo ningekuwa dhaifu kidogo, mwanangu angepona?"

Sikuwa na jibu. Kutoka jikoni ilisikika milio ya vikombe vikioshwa, nikabaki naisikiliza kwa sababu sikuweza kumtazama usoni. Niliporudi nyumbani nilifungua Biblia kuutafuta ule mstari, nikiwa na hakika kwamba upo. Haupo.

Tangu siku ile nimekuwa na tabia ya kuyapekua maneno tunayofarijiana nayo, hasa yanayohusu tumaini na ibada. Mengine ni mazuri kuyasikia lakini hayana mwenyewe. Mengine yana mstari wake kabisa, ila tumeukata kichwa na miguu.

"Mungu hampi mtu asiloliweza"

Mstari unaosingiziwa ni wa mtume Paulo, 1 Wakorintho 10:13. Unazungumzia jaribu, na aya zinazotangulia zinaonyesha ni jaribu la namna gani: ibada ya sanamu, uasherati, manung'uniko ya Waisraeli jangwani. Ahadi ni kwamba mtu anayevutwa na dhambi atafanyiwa mlango wa kutokea. Saratani haimo. Msiba haumo.

Kuhusu mizigo, Paulo huyohuyo aliwaandikia Wakorintho haohao maneno tofauti kabisa: "tulilemewa mno kuliko nguvu zetu, hata tukakata tamaa ya kuishi" (2 Wakorintho 1:8). Kuliko nguvu zetu. Anayesema hivyo ni mtume, na anataka wasomaji wake wajue. Kisha anaeleza kilichopatikana humo: "tusijitumainie nafsi zetu, bali tumtumaini Mungu, awafufuaye wafu." Msemo wetu unampima mtu bega na kumwambia linatosha. Paulo anakiri kwamba bega lilishindwa, na tumaini lake linaanzia hapo.

Laiti ningemsomea rafiki yangu hayo. Au ningesema tu "pole," nikanyamaza.

"Mungu amesema, jisaidie nikusaidie"

Hakusema. Huu tutaupita haraka, maana kila anayeutafuta katika Biblia hurudi mikono mitupu. Wazo lenyewe limo katika hekaya za Wayunani wa kale. Maandiko yanahimiza kazi, hilo halina ubishi. Lakini kiini cha Injili kinakwenda upande mwingine: "hapo tulipokuwa hatuna nguvu, wakati ulipotimia, Kristo alikufa kwa ajili ya waovu" (Warumi 5:6). Aliyelala kitandani hawezi hata kujigeuza, akiambiwa ajisaidie kwanza ndipo Mungu aje, ameambiwa kwamba Mungu haji.

"Mwaka huu ni wako, Yeremia 29:11"

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hakuna mstari ninaoupenda na unaoniudhi unavyotumiwa kama huu. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA..." Tunautuma kwa mtu anayesubiri kazi, mchumba, au majibu ya mtihani, na maana tunayoikusudia ni kwamba mambo yatanyooka karibuni.

Rudi nyuma sura moja. Katika Yeremia 28 kuna nabii aitwaye Hanania. Anasimama hekaluni mbele ya watu wote na kutangaza kwamba ndani ya miaka 2 Mungu atavirudisha vyombo vya hekalu na watu waliochukuliwa Babeli. Anaivua nira ya mti shingoni mwa Yeremia, aliyoivaa kama ishara ya utawala wa Babeli, na kuivunja. Ungekuwa mkutano wa leo, watu wangesimama juu ya viti. Hata Yeremia mwenyewe aliitikia "Amina", akitamani iwe hivyo. Haikuwa hivyo, na Hanania alikufa mwaka uleule.

Ndipo inakuja sura ya 29, barua ya kwenda kwa waliohamishwa. Inawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao, wauombee amani mji ule uliowateka. Na muda? Aya ya 10: miaka 70. Aya ya 11, ile tunayoipenda, inafuata hapohapo. Baba aliyekuwa na miaka 40 siku barua iliposomwa alielewa bila kuambiwa kwamba angezikwa Babeli. Aliahidiwa tumaini ambalo wajukuu wake ndio wangelishika mkononi, na yeye kazi yake ilikuwa kupanda miti.

Kwa hiyo katika kisa hiki mwenye habari tamu ya miaka 2 ndiye mwongo, na mwenye kusema 70 ndiye aliyebeba neno la tumaini. Hilo limenifundisha kuwa mwangalifu na kila anayemtajia mwenzake tarehe ya muujiza.

Yeremia naye hakuishia kuwaandikia wengine. Katika sura ya 32 yuko kizuizini, katika uwanda wa walinzi, na jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu. Binamu yake Hanameli anakuja na ofa ya ajabu: nunua shamba langu la Anathothi. Ni wakati ambao ardhi ile haikuwa na thamani hata ya kuitazama. Yeremia anapima fedha kwenye mizani, shekeli 17. Anaandika hati, anaitia muhuri, anaita mashahidi. Kisha anamwambia karani wake Baruku azichukue hati zote mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, aziweke katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Hakuna kinanda, hakuna machozi. Ni karani, muhuri na chungu. Nikiulizwa tumaini linafananaje, hujibu kwa kisa hicho.

"Ukilia umepungukiwa imani"

Tumefika mahali ambapo mtu akiulizwa hali lazima ajibu "nimebarikiwa", hata kama macho yamevimba. Akisema anaumwa anakatishwa: usikiri hivyo! Hapo anajifunza kufunga mdomo, na kanisani anakuja na sura ya kuazima.

Kitabu cha Zaburi kina zaburi 150, na aina iliyo nyingi kuliko zote ni maombolezo. "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" ndivyo inavyoanza Zaburi ya 13, na hilo "hata lini" linarudiwa mara 4 katika aya 2. Nyingi kati yake hugeuka mwishoni zikawa shukrani. Zaburi ya 88 haigeuki. Katika Kiebrania neno lake la mwisho ni giza. Na bado iliwekwa katika kitabu cha nyimbo cha watu wa Mungu, iimbwe. Waliokipanga walijua kwamba kutakuwa na siku ambazo mtu hana wimbo mwingine. Yesu msalabani alichukua maneno ya Zaburi ya 22, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Sijasikia mtu akimwambia asikiri hivyo.

Chanzo cha dhana hii, nadhani, ni kudhani kwamba tumaini ni hali ya moyo kuchangamka. Lugha ya Biblia ni ya vitu vya kushikwa. Katika Yoshua 2:18 Rahabu, mwanamke wa Yeriko aliyewaficha wapelelezi wa Israeli, anaambiwa afunge kamba nyekundu dirishani. Neno la Kiebrania la kamba hiyo, tikva, ndilo hilohilo linalotumika kwingine kwa maana ya tumaini. Waebrania 6:19 inaliita nanga ya roho, na Wakristo wa kwanza walichora nanga kwenye makaburi yao ya chini ya ardhi kule Roma. Kamba na nanga hazimwulizi mtu kama anatabasamu. Unaweza kuishika kamba huku unalia kwa sauti, na inakushika vilevile.

"Imba tu, milango itafunguka"

Paulo na Sila, usiku wa manane, gereza la Filipi: waliimba, nchi ikatetemeka, minyororo ikalegea (Matendo 16). Mahubiri mengi huishia hapo, na sifa inageuka kuwa ufunguo wa bandia. Lakini milango ilipofunguka hawakutoka. Walibaki, na aliyeokoka usiku ule ni mlinzi wa gereza, aliyekuwa ameshauchomoa upanga ili ajiue.

Baadaye Paulo alifungwa Kaisaria miaka 2 mizima, na haikutokea tetemeko lolote. Liwali Feliki alikuwa akimwita mara kwa mara akitarajia kupewa fedha. Hatusomi popote kwamba Paulo aliimba vibaya safari hii. Akiwa kifungoni ndipo alipowaandikia Wafilipi, watu wa mji uleule wa lile gereza, "Furahini katika Bwana siku zote." Na kama bado una shaka, soma Matendo 12: Yakobo anauawa kwa upanga, Petro anatolewa gerezani na malaika, sura moja, kanisa lilelile. Wale wawili hawakutofautiana kwa ubora wa sifa zao.

"Ibada ni pale nyimbo za taratibu zinapoanza"

Tumeigawa hivi: nyimbo za haraka ni sifa, za taratibu ni kuabudu, zikiisha ibada inakwenda kwenye matangazo. Kisha tunatoka, tunarudi kwenye "mambo ya dunia": ofisi, karo, nguo za kufua.

Kiebrania kina neno avoda. Katika Kutoka 1:14 ni kazi ngumu ya chokaa na matofali waliyotumikishwa Waisraeli. Sura ya 12, neno lilelile linatumika kwa adhimisho la Pasaka. Watu wale hawakutolewa kwenye kazi wapelekwe kwenye nyimbo, walibadilishiwa wanayemtumikia. Paulo naye anapotaja "ibada yenu yenye maana" katika Warumi 12:1, kinachotolewa ni mwili: mikono, mgongo, miguu iliyosimama tangu asubuhi. Na yale maneno ya Wakolosai 3:23, "lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana", waliambiwa kwanza watumwa, watu ambao hawakuchagua kazi yao wala hawakulipwa.

Katika karne ya 17 huko Paris kulikuwa na mtawa wa shirika la Karmeli aitwaye Ndugu Lawrence, mlemavu wa mguu kutokana na vita. Alipangiwa jikoni, kazi ambayo kwa asili hakuipenda hata kidogo, na baadaye kushona viatu vya wenzake. Aligundua kwamba anaweza kuzungumza na Mungu katikati ya kelele za sufuria kama alivyofanya akiwa amepiga magoti. Alifariki mwaka 1691.

Wapo wanaoichukua hoja hii na kuacha kwenda kanisani, "maana ninaabudia kazini." Waebrania 10:25 imeshawajibu: tusiache kukusanyika pamoja. Isitoshe, peke yako huna wa kukuimbia siku sauti yako inapokwama. Na wapo walio upande wa pili, wasiokosa kipindi hata kimoja lakini wafanyakazi wao hawajalipwa. Hao wasome Amosi 5, Mungu anaposema aondolewe kelele za nyimbo zao.

Nimesema kwamba jioni ile vikombe vilikuwa vikioshwa jikoni. Aliyeviosha ni mama mmoja wa kanisani kwao, ambaye tangu aingie hakuwa amesema zaidi ya "poleni." Nilipoishiwa maneno tukamsikia akivumisha wimbo wa tenzi, bila maneno, kwa sauti ya chini ya mtu asiyejua kwamba anasikika. Rafiki yangu aliinuka pale alipokuwa ameketi tangu asubuhi, akaingia jikoni, akachukua kitambaa, akaanza kuvikausha.