Anwani ya mlipuko: eksirei na asili ya miale ya gama

Muda peke yake haukuambii mlipuko wa miale ya gama (GRB kwa kifupi), mmweko mkali unaotoka galaksi za mbali, umezaliwa na nini. Zamani hesabu ilikuwa nyepesi: ukizidi sekunde 2, nyota kubwa imeporomoka, ukiwa mfupi zaidi, nyota mbili za nutroni, yaani mabaki mazito mno ya nyota zilizokufa, zimegongana. Halafu ukaja GRB 211211A, uliodumu karibu dakika nzima, nao ukaacha kilonova, mng'ao wa maada iliyorushwa nje, ambayo ni alama ya mgongano. Ndiyo maana mimi naanza na eksirei, muda nautazama baadaye.

Miale ya gama haikusanyiki kwenye kioo, kwa hiyo vyombo vyake huonyesha mahali kwa makadirio tu. Setilaiti za Vela, za kijeshi za Marekani, ziliinasa milipuko hii tangu 1967, lakini asili yake ilibaki fumbo miaka 30. Tarehe 28 Februari 1997, setilaiti ya BeppoSAX ya Waitalia na Waholanzi iligeuza darubini zake za eksirei baada ya saa nane hivi na kukuta mng'ao unaofifia. Data zake zilishushwa Malindi, hapo juu yetu tu, sisi wa Mombasa! Hata Uhuru, setilaiti ya kwanza ya eksirei, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970. Wanafunzi wengi hapa Mombasa hawalijui hilo, na wana haki ya kulijua.

Leo kazi hiyo hufanywa na setilaiti ya Swift, iliyorushwa 2004 na inayotumia kituo hichohicho cha Malindi. Kigunduzi chake cha gama kwanza hutoa mahali kwa usahihi wa dakika chache za tao (dakika moja ya tao ni sehemu ya 60 ya digrii, na sekunde ya tao ni sehemu ya 60 ya dakika hiyo). Hiyo ni kama kuambiwa mtu anakaa mtaa wa Majengo bila kutajiwa nyumba. Setilaiti hujigeuza yenyewe, mara nyingi ndani ya sekunde 100, na darubini ya eksirei (kiloelektrovolti 0.3 hadi 10) hupunguza shaka hadi sekunde chache za tao. Hapo ndipo galaksi mwenyeji, yaani ile mlipuko ulimotokea, hutafutwa.

Data za Swift ni za wazi, kompyuta ya kawaida inatosha. Kinachoharibu kazi zaidi ni mrundikano wa fotoni, yaani chembe za mwanga. Katika hali ya kupiga picha, kamera husomwa kila sekunde 2.5. Fotoni mbili zikitua pikseli moja au za jirani kabla ya kusomwa, huhesabiwa kuwa moja yenye nishati ya zote mbili. Matokeo yake chanzo kinaonekana hafifu kuliko kilivyo, na spektra (mgawanyo wa mwanga kwa nishati) inaonekana kwa uongo kuwa na fotoni nyingi za nishati kubwa. Kasi ikipita takriban fotoni 0.6 kwa sekunde, usichukue duara zima la nusu kipenyo cha pikseli 20 kuzunguka chanzo. Toa kitovu chake, bakisha pete, kisha rekebisha kwa mwanga uliopotea.

Kwenye modeli ya spektra weka vifyonzaji viwili, yaani gesi zinazomeza eksirei njiani: gesi ya galaksi yetu, ambayo kiasi chake kinajulikana na hakiguswi, na gesi ya galaksi mwenyeji. Ukisahau kuingiza mhamo mwekundu (kunyooka kwa mawimbi ya mwanga kwa sababu ya upanukaji wa ulimwengu), gesi ya mwenyeji itaonekana haba mno. Ukilinganisha modeli na data, fotoni zikiwa chini ya 20 kwa kila kifungu cha nishati, acha kipimo cha kai-mraba, tumia takwimu ya Cash, inayofaa fotoni zikiwa chache.

Mkunjo wa mwanga, yaani grafu ya mng'ao kadiri muda unavyopita, nao husema. Mara nyingi huporomoka kwa kipeo cha muda cha −3 au kikali zaidi, hutulia karibu −0.5, kisha hushuka kwa −1.2. Utulivu ukikatika ghafla, wengi hushuku magneta (nyota ya nutroni yenye sumaku kali mno) iliyogeuka shimo jeusi. Mimi hapo huwa mzito kuamini, kwa sababu Swift huzibwa na Dunia katika kila mzunguko wa dakika 96 hivi, na pengo likiangukia pale pale mkunjo unapovunjika, mstari wowote utaonekana kulingana na data.

Anwani, yaani mahali mlipuko ulipotokea, ndiyo ushahidi wenye uzito. GRB 050509B uliangukia kando ya galaksi ya duaradufu, isiyozaa nyota changa, na hivyo mgongano ukapewa nafasi. Kinyume chake, GRB 030329 uliambatana na supanova SN 2003dh, alama ya nyota kubwa iliyoporomoka. Mwaka 2017, GRB 170817A ulikuja sekunde 1.7 baada ya mawimbi ya mvutano, lakini darubini ya anga ya Chandra iliona eksirei zake siku ya tisa tu, kwa kuwa mkondo wa maada haukuelekezwa kwetu. Kwa mlipuko wa namna hiyo, kukosa eksirei siku mbili za mwanzo si sababu ya kufunga darubini. Omba muda mwingine wiki inayofuata.