Kuvaa laifujaketi si upungufu wa imani

Kwenye boti za Mokowe kuja Lamu ukimwambia mtu avae laifujaketi utajibiwa "ajali ikifika imefika, mi namtegemea Mungu". Maneno ya zamani hayo na wengi wanaamini ndo dini inavyosema. Sivyo.

Tirmidhi, mkusanyaji wa hadithi, kaipokea ile ya bwana aliyemuuliza Mtume, nimfunge ngamia nitawakali (yaani nimtegemee Mungu) au nimwache nitawakali, akaambiwa mfunge kisha tawakali. Lakini kinachomaliza ubishi ni kisa cha Sayyidna Umar, khalifa wa pili, kiko kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, alikuwa safarini kwenda Sham (Syria na jirani zake) kwenye miaka ya 630 akafika Sargh akaambiwa huko mbele kuna tauni, akashauriana na watu akaamua kurudi. Abu Ubayda, sahaba mwenzake, akamuuliza, tunakimbia kadari ya Mungu, yale aliyotuandikia? Umar akamjibu ndio, twaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Sa ukisema Umar alipungukiwa imani sijui utatuletea ya nani.

Kadari ni katika nguzo za imani, hilo halina mjadala, ila hakuna anayejua alichoandikiwa, pengine umeandikiwa kuokoka kwa hilohilo jaketi unalolikalia.

Na manahodha wetu hawasomi Fatiha wakang'oa nanga hivihivi tu, dua inasomwa na tanga limekaguliwa na maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ya chombo, yametolewa, na upepo wa kusi ukichafuka mwezi wa 6 au wa 7 chombo kinabaki bandarini mpaka bahari itulie.